Maina asilia: nota zilezile za C meja, nyumba nyingine

#1 NgaziSaba

Wakuu salaam. Tuiweke mahali pamoja hii habari ya skeli ya maina asilia, maana kila ikiulizwa inajibiwa nusu nusu. Jibu linalozunguka ni "piga C meja ila anzia A". Si uongo, lakini halimfikishi mtu popote. Anayeanzia A akaenda kumalizia C bado yuko C meja, na sikio lake litamwambia hivyo hata kama kichwa kinabisha.

Tuanze na vipimo. Kwenye kinanda, kutoka kitufe kimoja hadi jirani yake kabisa, awe mweupe au mweusi, ni nusutoni moja. Nusutoni mbili ni toni. Maina asilia inapanda hivi:

toni – nusu – toni – toni – nusu – toni – toni

Kwa tarakimu ni 2-1-2-2-1-2-2, jumla 12, yaani oktava moja (kutoka nota hadi ya jina lilelile juu yake). Meja ni 2-2-1-2-2-2-1, nayo inafika 12 vilevile. Tofauti ni mahali zilipokaa zile nusu mbili.

Kutoka A unapata A B C D E F G A, vyeupe vitupu. Kutoka C unapata C D E♭ F G A♭ B♭ C (♭, flati, hushusha nota nusutoni moja; ♯, shapu, huipandisha). Ilaze hiyo ya pili kando ya C meja utaona nota tatu zimeshuka nusutoni moja moja: ya 3, ya 6 na ya 7. Ya 1, 2, 4 na 5 hazijaguswa.

Sasa jaribio la dakika mbili. Mkono wa kushoto ushikilie A ya chini, usiiachie. Mkono wa kulia utembee polepole juu ya vyeupe, bila mpango. Baada ya dakika moja hamisha kushoto kuja C, kulia kuendelee kama kulivyokuwa. B, ambayo juu ya A ilikuwa inapita njia tu, sasa inang'ang'ania kupanda C. A yenyewe, iliyokuwa sakafu, inaning'inia. Hakuna kitufe kilichobadilika upande wa kulia. Aliyebadilika ni mwenye nyumba, na ukishamjua huyo, mengine ya maina yanafuata.

Kwa wa sol-fa (wanaoandika do, re, mi, fa, so, la, ti kwa herufi d r m f s l t): nyumbani kwa maina ni l. Skeli ni l, t, d r m f s l (mkato baada ya herufi ni nota ya oktava ya chini). Nusutoni zake ni zilezile mnazozijua, t–d na m–f, ila sasa ziko kati ya nota ya 2 na ya 3, na kati ya 5 na 6.

---

#2 kwaya_ya_jioni

Asante kwa uzi. Nina swali la vitendo. Nakala ya sol-fa imeandikwa juu "Doh ni F". Wimbo unaanza m, unaishia l kwa besi. Mpiga kinanda anashika kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) za F meja kwa kuwa ameona Doh ni F, na kuna sehemu mbili tatu sauti ya pili (alto) inagongana naye. Nani mwenye kosa?

---

#3 NgaziSaba

"Doh ni F" inakuambia f-r-m-f-s zipachikwe wapi, haikuambii wimbo unakaa wapi. Besi ikitua l, basi nyumbani ni la. Doh ikiwa F, la ni D. Mko D maina.

Njia ya haraka ya kupata maina ya meja yoyote ni kushuka nusutoni tatu kutoka doh. F–E–E♭–D. G inakupa E maina, B♭ inakupa G maina, E♭ inakupa C maina. Wengi hushuka herufi tatu badala ya nusutoni tatu, na kwa F na G wanabahatika kupata jibu. Wanaungua kwenye A, E na B: anayehesabu "A, G, F" anatua F, ilhali maina ya A meja ni F♯. Ya E ni C♯, ya B ni G♯.

Kodi zilizomo ndani ya D maina asilia ni Dm, Edim, F, Gm, Am, B♭, C (m ni kodi ya maina, dim ni iliyopunguzwa, herufi tupu ni meja). Tazama kwamba ni kodi zilezile za F meja. Kwa hiyo mpiga kinanda hajakosea vitufe, amekosea mzani: anarudi F kila mahali pa kupumzika, wakati kwaya inapumzika D. Huko kugongana na sauti ya pili lakini kunanipa shaka nyingine. Weka hapa baa (vipande vya wimbo kati ya mistari ya wima) zinazosumbua, sauti zote nne.

---

#4 NgaziSaba

Nimeandika "f-r-m-f-s" hapo juu, soma d-r-m-f-s. Vidole.

---

#5 UziWaTano

Wenye gitaa msipite. Skeli hii inaonekana kwa macho kuliko kwenye kinanda, kwa sababu kila freti ni nusutoni moja na hakuna weusi wala weupe wa kukuchanganya. Chukua uzi wa tano peke yake, ule wa A, na upige freti hizi:

0 – 2 – 3 – 5 – 7 – 8 – 10 – 12

Hiyo ni A maina asilia nzima kwenye uzi mmoja. Ruka freti mbili, moja, mbili, mbili, moja, mbili, mbili. Hamishia muundo huohuo uzi wa nne, umepata D maina bila kufikiri. Uzi wa sita, E maina.

Ukishazoea macho, ndipo uende kwenye nafasi ya freti ya 5:

uzi wa 6: 5 7 8 (A B C)
uzi wa 5: 5 7 8 (D E F)
uzi wa 4: 5 7 (G A)
uzi wa 3: 4 5 7 (B C D)
uzi wa 2: 5 6 8 (E F G)
uzi wa 1: 5 7 8 (A B C)

Panapoharibika ni uzi wa 3. Kidole cha kwanza lazima kirudi nyuma hadi freti ya 4 kuchukua B. Mvivu anakaa freti ya 5, B inapotea, na kosa hilo halisikiki kama kosa, ndiyo maana linadumu miaka.

Na wale wanaojua "boksi" ya pentatoniki (skeli ya nota tano): A C D E G ni maina asilia iliyoondolewa nota ya 2 na ya 6, yaani B na F. Ndizo hasa nota zinazobeba nusutoni zote mbili. Ukiziondoa hakuna kinachouma, na ndiyo raha ya pentatoniki. Lakini ukitaka maina isikike kama maina kweli, F ndiyo nota ya kuipigania. Ikipanda kuwa F♯ umeshahamia Doria, skeli nzuri lakini si hii.

---

#6 FlatiTatu

Nashukuru kwa uzi, ila naona humu ndani na kwingineko watu wanaandika C maina hivi: C D D♯ F G G♯ A♯. Vitufe ni vilevile, maandishi ni uchafu. Sheria ni ndogo: herufi saba, kila moja mara moja tu. Ukiwa na D na D♯ huku E haipo kabisa, umeshapotea.

Si ushabiki wa vitabu. Kwenye mistari mitano, D na D♯ zinakaa mahali pamoja, kwa hiyo msomaji ataona sauti imesimama wakati inapanda. Pili, kodi ya Cm inajengwa kwa kuruka herufi: C, (D), E♭, (F), G. Ukiandika C D♯ G hakuna nota ya tatu hapo, na mtu akikuomba uihamishe kwenye ki nyingine (nyumba nyingine ya wimbo) utaanza kuhesabu upya kila nota.

Alama za ki mwanzoni mwa mstari, nazitaja kwa mkupuo. A maina haina kitu. Kwa shapu: E moja, B mbili, F♯ tatu, C♯ nne, G♯ tano. Kwa flati: D moja, G mbili, C tatu, F nne, B♭ tano, E♭ sita. Kila mojawapo inashiriki alama na meja iliyo nusutoni tatu juu yake.

Na nipinge kidogo habari ya la kuwa nyumbani. Kuna wanaofundisha maina kwa kuanzia do: d r me f s le te, ambamo me, le na te ni zile tatu zilizoshuka. Ukitaka kulinganisha C meja na C maina, njia hiyo inaonyesha wazi kilichobadilika, na doh inabaki nyumbani siku zote.

---

#7 NgaziSaba

Kwa mwanafunzi wa kinanda anayelinganisha, sawa. Kwa kwaya zetu, hapana. Nakala zote za sol-fa zinazozunguka huku zinafuata utaratibu wa John Curwen, Mwingereza aliyeeneza sol-fa, na kwake maina ni la. Ukifundisha watu le na te leo, kesho wakifungua kitabu wanakuta l t d r m wanaganda. Kingine: wimbo unaoanza maina ukahamia meja yake katikati, kwa la unaendelea kuimba bila kubadili chochote, kwa do unalazimika kuhama doh katikati ya mstari. Na nyimbo za namna hiyo ni nyingi mno.

---

#8 Chekechea_wa_Kinanda

Kwa hiyo maina = huzuni, meja = furaha, nimeelewa vizuri?

---

#9 UdiNaKanuni

Hapana. Wimbo wa Taifa wa Kenya uko kwenye maina. Asili yake ni wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea mtoto, na tangu 1963 unaimbwa watu wakiwa wamesimama wima, si matangani. Huzuni inaletwa na mwendo wa pole, sauti za chini, melodia inayoteremka, na maneno. Piga maina kwa kasi, ngoma ikiwa ya nguvu, uone kama kuna atakayelia.

Niongezee la upande wetu wa taarabu, kwa sababu wapiga kinanda wanalivuruga. Maqam (skeli ya muziki wa Kiarabu) iliyo karibu kabisa na maina ni Nahawand. Kutoka C, nusu yake ya chini ni C D E♭ F G, sawa na maina neno kwa neno. Nusu ya juu ina sura mbili, Kurd na Hijaz: ukitumia Kurd unapata G A♭ B♭ C, na hapo jumla yake ndiyo maina asilia kamili, ukitumia Hijaz unapata G A♭ B C, na hiyo Wazungu wanaiita maina ya harmoniki. Mwimbaji anahama kati ya hizo mbili ndani ya ubeti mmoja bila kumuomba mtu ruhusa. Mpiga kinanda aliyekariri "huu wimbo ni C maina" akaganda na B♭ atamkata mwimbaji pale anapopanda kwa B. Sikiliza upande anaoelekea: akipanda kwenda kutua C, tegemea B, akiteremka kutoka C kwenda G, tegemea B♭.

La hatari zaidi ni Bayati, maqam nyingine inayoanzia D. Watu wanaipiga kama D maina na inakataa. Ya pili ya Bayati haiko kwenye kinanda cha kawaida: iko katikati ya E♭ na E, takribani senti 150 juu ya D, ambapo nusutoni moja ya kinanda ni senti 100. Udi na fidla hawana freti, wanaipata. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, ina vijiko vya kupandisha na kushusha uzi. Kinanda kikiwa na sehemu ya kurekebisha skeli, shusha E kwa senti 50 kwa wimbo huo, na ukumbuke kuirudisha. Kama hakina, afadhali E uiache kabisa, D na F peke yake, kuliko kuipiga E nzima juu ya fidla.

---

#10 Chekechea_wa_Kinanda

Hiyo harmoniki imetoka wapi sasa? Mbona maina ziko tatu?

---

#11 NgaziSaba

Imetokana na udhaifu wa ile ya asilia. Tazama nota ya 7. Kwenye meja, kutoka ya 7 kwenda nyumbani ni nusutoni moja (B–C), na umbali huo mfupi ndio unaovuta sikio. Kwenye maina asilia ni toni nzima (G–A). Haivuti. Kwa hiyo kodi ya tano, Em, ikienda Am, inafika nyumbani kama mgeni asiyepiga hodi.

Dawa waliyoipata watunzi ni kupandisha ya 7 nusutoni moja: G inakuwa G♯, Em inakuwa E meja, na mvuto unarudi. Kwenye sol-fa hiyo ni se. Skeli yenye s iliyogeuka se ndiyo harmoniki: l t d r m f se l.

Lakini umetatua moja ukazua jingine. Kutoka f hadi se sasa ni nusutoni tatu, mruko mbaya kwa mwimbaji, hasa sauti ya pili na ya tatu. Ndipo ikaja melodiki: unapopanda, ya 6 nayo inapandishwa, na Curwen aliipa jina lake, ba. Unapanda m ba se l, unashuka l s f m. Ukishuka hakuna haja ya mvuto wa kwenda nyumbani, umeshatoka, basi asilia inarudi.

Kwa hiyo usizichukue kama skeli tatu zinazoshindana. Alama za ki mwanzoni mwa mstari siku zote ni za asilia. Se na ba zinaandikwa njiani, pale zinapohitajika, na nota inayofuata inaweza kuwa s tena. (Kwa wapenda majina: asilia ndiyo modi ya Eolia, aliyoiingiza mwananadharia wa muziki Glarean katika orodha yake ya modi 12 mwaka 1547.)

---

#12 UziWaTano

Nyongeza kwenye kodi. Ukitaka kubaki kwenye asilia bila hiyo se, usikimbilie ya tano. Kituo (mahali pa kutua) chenye nguvu cha asilia ni kodi ya saba kwenda nyumbani: G → Am. Au Dm → Am, ile ya "Amina". Mzunguko wa Am – G – F – G unaweza kukaa dakika kumi na hakuna atakayekuuliza G♯ iko wapi.

Mtego uko hapa: piga G tupu, usipige G7. G7 ni G B D F, na B na F zikiwa pamoja zinaita C kwa nguvu. Ukiweka G7 katikati ya A maina, sikio linageuka kuelekea C meja, halafu Am inayofuata inasikika kama umekosea njia. Watu wanaongeza saba ili kodi "ijazwe" na hawajui kwa nini wimbo umehama. (Kodi za muziki, si za TRA.)

Ukishuka besi A – G – F – E, hiyo E ya mwisho karibu kila mara inadai G♯, maana umesimama mlangoni. Jaribu kwa G halafu kwa G♯, masikio yako yaamue.

---

#13 Tena_Mkavu

Wakuu, na mnaotunga sauti nne, hii V (kodi ya tano) kwenda VI (ya sita) ya maina inanipa tano sambamba (sauti mbili zilizoachana nota tano zinasogea pamoja) kila mara. E meja kwenda F. Kila kitu kinapanda nusu pamoja.

---

#14 FlatiTatu

Inakupa kwa sababu E na F ni jirani, na mkono unapenda kusogea mzima mzima. Dawa ni moja na ikariri: besi na se zinapanda, wengine wote wanashuka. Kwa nota:

besi E → F
tena (sauti ya tatu) B → A
alto G♯ → A
soprano E → C

F yako sasa ina A mbili, yaani ya tatu ndiyo iliyorudufiwa. Hapa inaruhusiwa, tena ndiyo njia sahihi. Usirudufu F, ukijaribu utarudi kwenye sambamba zako.

La pili usilolitaja: usiwape sauti mbili se kwa wakati mmoja. Zote mbili zinataka kupanda l, zitapanda pamoja, na hizo ni oktava sambamba ambazo hata asiyesoma nota anasikia kwaya imepungua mtu.

La tatu, f → se kwa sauti moja, ikwepe. Ama mpe ba, ama mshushe: f ya juu iteremke hadi se iliyo chini yake. Mruko ni mkubwa, lakini unaimbika, kwa sababu baada yake se inageuka na kurudi ndani kwenda l.

---

#15 Sauti_ya_Pili

Kuhusu kushuka pichi. Kwaya nyingi zikiimba maina bila kinanda zinaporomoka, na lawama wanapewa besi. Mara nyingi ni ile d, ya tatu ya maina. Mwimbaji anaambiwa "maina ni tatu ndogo, ishushe", anaishusha kupita kiasi.

Hesabu hii hapa. A ikiwa 220 Hz, kinanda kinaweka C kwenye 261.63. Tatu ndogo iliyotulia kabisa kwa masikio, ya uwiano 6 kwa 5, iko 264. Yaani iko juu ya kinanda kwa karibu senti 16. Tatu kubwa ni kinyume: kinanda 277.18, iliyotulia 275. Kwa hiyo kwaya iliyozoea meja, iliyojifunza kuishusha ya tatu kidogo ili kodi ing'ae, ikihamisha tabia hiyo kwenye maina inazama. Waambie d kwenye maina waifikirie juu, kama wanaifuata kwa nyuma ya meno. Zoezi: besi washike l, tena na alto washike m, kisha soprano waingie na d baada ya kodi kutulia. Wakiingia chini utasikia kodi ikitikisika. Wapandishe hadi mtikisiko uishe.

Sehemu nyingine inayovuja ni s → l ya asilia. Watu wamezoea t → d, wanaibana ile toni kuwa nusu na robo. Zoezi lake dogo, Lah ni A:

| l : s | l : – | l : se | l : – | l : s | l : – ||

Hiyo ni A G A, A G♯ A, A G A. Polepole, bila kinanda. Wakishaweza kuzitenganisha s na se ndani ya pumzi moja, rudini kwenye wimbo.

---

#16 Chekechea_wa_Kinanda

Vidole vya A maina kwenye kinanda?

---

#17 FlatiTatu

Sawa na C meja. Kulia (1 ni kidole gumba) 1-2-3-1-2-3-4-5, kushoto 5-4-3-2-1-3-2-1. Vidole hivyohivyo vinafaa D, E, G na C maina. B maina kushoto inaanza na kidole cha 4: 4-3-2-1-4-3-2-1. F maina kulia ni 1-2-3-4-1-2-3-4. Usitumie kitufe cha transpozi (cha kuhamisha ki) kujifunzia, utamaliza mwaka unajua A maina tu.

---

#18 kwaya_ya_jioni

Nimerudi na baa zenyewe. Doh ni F. Hii ni baa ya 7 na 8:

S | t, : t, | d : – |
A | s, : s, | l, : – |
T | m : m | m : – |
B | m, : m, | l, : – |

Na hii ya 15 na 16, mwisho wa wimbo:

S | t, : t, | d : – |
A | se, : se, | l, : – |
T | m : m | m : – |
B | m, : m, | l, : – |

Kinanda anapiga A meja sehemu zote mbili. Kugongana ni baa ya 7, ya 15 iko safi.

---

#19 NgaziSaba

Basi imejieleza. Doh F: m ni A, t ni E, s ni C, se ni C♯. Baa ya 15 ni A meja kweli, C♯ iko kwa alto. Baa ya 7 alto ana C, kodi ni Am. Akipiga A meja hapo, C♯ yake inakaa nusutoni moja juu ya C ya alto.

---

#20 FlatiTatu

Kabla hamjamhukumu mpiga kinanda: nakala za sol-fa zilizorudufiwa mara kumi zinapoteza herufi. "se" inabaki "s" kwa urahisi. Inawezekana yeye ndiye mwenye sikio sahihi na karatasi ndiyo imekosea. Alto ametoka wapi kabla ya baa ya 7? Na kabla ya 15?

---

#21 kwaya_ya_jioni

Baa ya 6 alto ana | f, : f, |. Baa ya 14 ana | l, : l, |.

---

#22 FlatiTatu

Karatasi ni nzima. Baa ya 6 hadi 8 alto anapanda f – s – l, hatua kwa hatua. Ingekuwa se, angeruka nusutoni tatu kutoka f, na mtunzi aliyepanga sauti kwa uangalifu hivyo asingemfanyia alto wake. Baa ya 14 hadi 16 ni l – se – l, anashuka nusu na kurudi, haina taabu. Katikati ya wimbo kaacha kituo laini, cha mwisho kakibana.

---

#23 NgaziSaba

Ndiyo hivyo. Mpiga kinanda aandike kwa penseli: baa ya 7 Am, baa ya 8 Dm, baa ya 15 A, baa ya 16 Dm. Na kwenye baa ya 7 asiongeze saba ya aina yoyote.

---

#24 kwaya_ya_jioni

Ameandika. Sasa anauliza kama baa ya 16 anaweza kumaliza na D meja, F♯ badala ya F, "ing'ae".

---

#25 Sauti_ya_Pili

Soprano wana d hapo, na d ni F. Akipiga F♯ tunarudi bandiko la #2.

---

#26 NgaziSaba

Mwisho wa maina kwa kodi ya meja upo, unaitwa wa Picardy, na watunzi wa zamani waliupenda sana. Lakini unaandikwa kwa sauti zote, hauamuliwi na kinanda peke yake. Kama mwalimu anautaka, soprano wabadilishe d ya baa ya 16 iwe nusutoni moja juu, kutoka t, iwe hatua ya toni nzima: E kwenda F♯. Wafanye mazoezi ya hatua hiyo peke yake kwanza, maana kila sikio litawavuta kwenye F.